Stefania Akaa Mkekani

Pale Kilole, Korogwe, Stefania alikuwa mali ya umma. Msiba ukitokea, mtu hutumwa kwake kabla hata maiti haijaoshwa, maana yeye ndiye mpishi na ndiye mwenye masufuria. "Dada Stefania ana moyo," wanawake walisema, na baada ya kumsifu hivyo hakuna aliyeona haja ya kumenya hata kitunguu.

Masika ya mwaka jana akafa mumewe, Bernardo. Wanawake walikuja, wakajaa mkekani, wakalia vizuri tu mpaka njaa ilipowabana. Wakatazamana. Kisha wakamtazama mfiwa. Stefania akainuka na ujane wake, akawasha moto.

Wakala, wakaramba vidole. Mzee Erasto, mwenyekiti wa mtaa, aliyewahi kuhudhuria semina moja ya afya ya akili na tangu hapo hakamatiki, akasimama kutoa somo. "Huu ndio ustahimilivu, ndugu zangu. Mwigeni mama huyu." Wakampigia makofi, msibani. Kesho yake mkeka ulikuwa mtupu. Yule kakomaa, walisema, nani akakae naye na yeye hana shida?

Basi Stefania hakumlilia mumewe. Usingizi ulimhama, na kila aliyekutana naye njiani alimpongeza kwa uimara wake. Aliwachukia wote.

Mwaka huu akafariki mama yake Mzee Erasto. Wakamwita Stefania kama kawaida. Alikuja mikono mitupu, akapita jikoni bila kugeuza shingo, akaketi mkekani kando ya Yasinta, dada yake Erasto, akajifunika khanga na kuanza kumlilia Bernardo kwa sauti.

"Dada, maji yamechemka," mmoja alimnong'oneza.

"Yaache yachemke."

Mzee Erasto akaja mbio. "Mama, jikaze. Wewe ni mfano wetu."

"Nimechoka kuwa mfano, mzee. Nimefiwa."

Mwenyekiti, semina na yote, akageukia kuhesabu viti. Yasinta ndiye aliyesogea, akamvuta kifuani kwake. "Lia, mwenzangu," alisema. "Na mimi siku ile nilikula, nikaondoka."

Jioni ukaletwa ugali wa madongemadonge, umeungua chini. Mzee Erasto aliumeza hivyo hivyo. Stefania aliletewa sahani palepale mkekani, akala mpaka ikaisha, kisha akaendelea kulia.