Lipstiki Kwenye Oveni

Wiki iliyopita mteja saluni kwangu alitoa lipstiki yenye kifuniko cha dhahabu, na chanuo likanisimama mkononi. Kimawazo nilirudi ghafla utotoni, kwenye fleti yetu ya mtaa wa Albert Park, alasiri ya joto iliyonuka mafuta ya cherehani.

Papa alikuwa akiipaka mafuta hayo bastola yake mpya, magnum nzito aliyoinunua baada ya duka lake la simu kuvamiwa. "Hii iko nguvu," alimwambia Mama. "Haikwami hata siku moja." Risasi zake sita zilikaa kwenye sahani, zinang'aa. Alipokwenda kunawa mikono, nikachukua moja. Kwangu ilikuwa lipstiki, kama zile za Mama. Niliizungusha ifunguke, ikakataa. Niliposikia hatua za Papa nikaificha ndani ya oveni, kwenye kona.

"Iko tano," Papa alisema. Akahesabu tena kwa kidole, polepole. "Mama Neema, nani amegusa hapa?"

Mama hakumsikia. Alikuwa ameshaingiza mkate kwenye oveni, na swichi ikalia tiki.

"Mama, zima!" nililia. "Lipstiki yangu itayeyuka!"

Papa aliruka. Alizima, akapapasa mle ndani mpaka akaipata, kisha akakaa sakafuni na kunivuta kifuani. Machozi yake yalilowesha shingo yangu.

Nilimpapasa mgongo, nikamwambia asilie, haijayeyuka.