Kosa Letu, Ghala Lao

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya programu za kompyuta jijini Mbeya, Meneja wa Huduma alinikabidhi simu ya mezani akaniambia, "Mteja akipiga ujue yuko kwenye shida. Msikilize kwanza." Nilimheshimu sana kwa kauli ile.

Tuliuza programu ya kutunza kumbukumbu za maghala. Kila baada ya muda tulitoa toleo jipya, yaani programu ileile ikiwa imeboreshwa, na matoleo yote tuliyahudumia bure. Baadaye ukaja waraka: mwenye toleo la zamani akihitaji fundi, alipie. Sikuupinga. Kuhangaika na programu ya zamani ni kazi, na mimi nilikula kwa kazi hiyo.

Nilichokataa kilitokea Ubaruku, wakati wa mavuno. Atupele, mtunza ghala wa kikundi cha wakulima wa mpunga, alipiga simu asubuhi: programu imegoma kutoa stakabadhi, na bila stakabadhi hakuna gunia linalotoka.

"Nenda," Meneja akaniambia. "Lakini hao wako toleo la pili. Lazima walipe."

Nilikuta wakulima wamejaa mlangoni. Mzee mmoja akanishika mkono. "Mwanangu, mpunga nimelima mwenyewe. Sasa hiyo kompyuta inanikatalia nini?"

Niliona aibu, nikaingia ndani.

Ilinichukua hadi alasiri kugundua. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumewatumia wateja kiraka, kipande kidogo cha programu cha kuziba kasoro. Kiraka chetu ndicho kilichoharibu toleo lao. Nikakiondoa, nikarudisha nakala rudufu, yaani kumbukumbu zilizohifadhiwa kando, kisha Atupele akanisomea daftari lake tukaingiza upya mizigo ya wiki nzima. Stakabadhi zikaanza kutoka. Kwenye fomu ya kazi niliandika: Kosa ni letu. Mteja asilipishwe.

Kesho yake Meneja aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Andika kwamba toleo limepitwa na wakati."

"Limepitwa kweli, Meneja. Lakini halikujiharibu."

"Wewe ni fundi au wakili wao?"

"Fundi. Ndiyo maana namjua aliyeharibu."

"Jaza fomu nyingine."

"Ijaze wewe, na sahihi uweke yako."

Hakuijaza. Ubaruku hawakulipa. Mwezi haujaisha, nikapewa barua ya uhamisho kwenda Iringa, kutoka fundi mwandamizi hadi mpokea simu.

Nilipofika Iringa, kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kuwapigia wateja wote wa toleo la pili, mmoja mmoja, kuwaambia wasikiweke kile kiraka, na aliyekwisha kukiweka akiondoe. Nikapata barua ya onyo. Siku moja Mkurugenzi alikuja kukagua ofisi, akaniuliza kama nimeshajifunza.

"Nimejifunza, Mkurugenzi. Sasa nawapigia kabla hawajaharibikiwa."

Nilistaafu nikiwa mpokea simu. Hawakunifanyia sherehe.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, lipisheni. Utaalamu wenu una bei, na msione haya kuitaja. Ila mteja asilipie mlichoharibu ninyi, hata toleo lake liwe kuukuu kiasi gani. Wenzangu wa zamani husema ukaidi ndio ulioninyima cheo. Ni kweli. Sikumwomba mtu msamaha siku ile, na leo simwombi.