Nati ya Mkono wa Kushoto

Watu wakinisikia hucheka kwanza, kwa kuwa kisa chenyewe ni cha nati ya feni. Jini gani huyo wa kushughulika na feni? Hata mimi ningecheka. Lakini Wallahi haya yalinipata mimi, mchana kweupe, nyumbani kwetu Kibokoni, na mamangu yu hai, muulize.

Mamangu ana pumu. Kaskazi ikishika, chumba chake cha juu huwa kama tanuri, na bila feni hukaa kitako usiku kucha akitafuta pumzi. Sasa mimi, kwa wema wangu, nikaifungua ile feni nikaiosha, nikaanika vipande vyake juu darini, penye jua. Kunguru akashuka, akachukua nati ndogo inayong'aa, ile ya mbele inayoshika mapanga, akaenda zake. Nilimtupia kiatu. Kiatu nacho kikaangukia uwanja wa jirani.

Nati tu, nikasema. Nati ni kitu gani?

Ndugu yangu, nilizunguka mji ule mpaka nikauchukia. Duka la kwanza nilimtumia mwenyewe picha kwa simu, akanambia, "Hii ninayo, njoo." Nikaenda, nikarudi nayo nyumbani, haishiki. La pili nikabeba feni yenyewe kikapuni, uchi, bila mapanga. Yule bwana akapima kijiti cha mota kwa jicho, akanipa nyingine. Upana sawasawa, lakini haishiki. Mwembe Tayari nikamwagiwa kopo zima la nati juu ya meza. "Jichagulie, dada." Nilijaribu zote. Kila moja yagusa, yateleza, yatoka. Mmoja akanambia nitie nguvu. Nikatia, nusura niiharibu kabisa. Fundi wa Ganjoni hata hakuishika. "Nunua feni mpya, mama," akasema, akaendelea na chai yake. Ningekuwa na pesa za kununua mpya, ningemfuata yeye kwa nini?

Siku ile baada ya adhuhuri, vichochoro vimenyamaza, nilikuwa nimeketi sakafuni na feni mapajani. Chumba cha pili namsikia mamangu, kifua chalia filimbi. Hasira zikanipanda mpaka machozi. Nikasema kwa sauti, "Yeyote awezaye kuifunga hii na aje! Sijali ni nani!"

Sijafumba mdomo vizuri, nikasikia, "Hodi."

Alikuwa Ami Faraj, jirani yetu wa chini. Na hakungoja nimkaribishe, aliingia. Ami Faraj ni mtu mwema sana, lakini mikono yake haina heri; balbu ikiungua kwake, mkewe ndiye apandaye kiti.

"Ni nini, mwanangu?"

"Ni hino nati, Ami. Mji mzima hakuna ya kuingia."

Akachutama mbele yangu, akaigeuza feni kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama hesi zinavyolala," akasema, akipitisha ukucha juu ya zile nyuzi za chuma zinazozunguka kijiti. "Zapanda kushoto hizi. Nawe wazilazimisha kulia."

"Ya kushoto nitaipata wapi?"

Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa nati. Akaizungusha upande usio wa kawaida, ikaingia bila sauti, kama iliyomezwa.

Kama ungekuwa wewe, ungeuliza maswali? Mimi nilikimbia kuleta maji. Akanywa kwa mkono wa kushoto. Nikaona, nikasema moyoni, uzee. Kwa kuniaga akanipa huo huo wa kushoto, nami nikaupokea kwa haya. Ulikuwa mkavu, hauna jasho hata chembe, na siku ile hata kuta zilikuwa zatoka jasho.

"Wasema na nani?" mamangu akauliza.

"Ami Faraj. Ametutengenezea feni."

"Faraj huyu wa kushindwa na kopo la maziwa?"

Tulicheka. Feni ikazunguka, mamangu akalala.

Karibu na magharibi hodi ikapigwa tena. Ami Faraj na mkewe, Bi Zuhura, wametuletea sahani ya pilau ya harusi. Nikamshukuru Ami kwa feni.

"Feni gani?" akasema.

Bi Zuhura akacheka. "Huyu? Tangu asubuhi niko naye Likoni. Sasa hivi ndiyo twatoka Feri, foleni imetutoa roho."

Hapo ndipo nikamtazama uso. Ami Faraj ana kovu juu ya jicho la kushoto. Yule aliyechutama mbele yangu, kovu lake lilikuwa juu ya jicho la kulia. Mfuko wa shati vilevile, upande wa pili. Alikuwa Ami Faraj kama utakavyomwona ndani ya kioo. Sahani ilinitoka mikononi.

Tulifukiza ubani, tukasomesha dua. Nilitaka kuitupa feni ile baharini. Mamangu akakataa katakata. "Nimepata pumzi, nawe wataka kuitupa?" Basi iko, yazunguka mpaka leo. Lakini nati haifunguki. Si kulia, si kushoto. Yule fundi wa Ganjoni aliivunjia koleo. Mapanga yameota vumbi jeusi, nami nayafuta kwa kijiti kupitia matundu ya wavu, huku nikiwalaani kunguru wote wa Mombasa.

Ami Faraj ameondoa kioo sebuleni kwake. Siku hizi akija husimama mlangoni, nami humwambia, "Nipe mkono kwanza, Ami." Akinyoosha wa kulia, namkaribisha. Hajanikasirikia hata siku moja.

Nawe msikilizaji, kazi ikikushinda, lia, tukana, tupa hata viatu. Lakini ukiita wa kukusaidia, mwite kwa jina lake. Usiseme "yeyote." Mmoja wao huenda yuko karibu, asikia.