Mwanga wa Mtu Aliyelala Chali

Landy Couoh alipoitwa kupanga taa za nyumba, alikwenda na machela begani. Fundi umeme alibeba ngazi na koleo. Yeye alibeba machela ya kuning'inia ya nyuzi za pamba, ile ile tunayolalia sisi watu wa mji wa Espita tangu kuzaliwa mpaka kuoshwa, na kamba mbili za kuifungia. Aliingia chumbani, akatafuta kulabu ukutani, akaitundika, akalala chali na viatu vyake, akakaa kimya akitazama dari. Wenye nyumba wasiomzoea walisimama mlangoni wasijue kama wamletee maji ya kunywa au wamwite padri.

Alikuwa na sababu. Mtu wa kitandani hujigeuza akatazama ukuta. Mtu wa machela hutazama juu, apende asipende. Ukimwekea balbu katikati ya dari, atatazamana nayo maisha yake yote.

Nidelvia, mke wa mwenye bucha, alipomaliza kujenga nyumba yake mpya, alikuwa tayari ameshaamua. Alikuwa amelala hoteli moja Cancún, akaona vitaa vya mviringo vimechomekwa darini kama vifungo vya shati.

"Nataka kumi na mbili sebuleni," alisema.

"Lala hapa kwanza, shoga."

"Na gauni hili?"

"Gauni halitazami. Lala."

Nidelvia akalala. Landy akapanda ngazi na tochi, akammulika kutoka mahali palipotobolewa tundu la kwanza.

"We mwanamke, utanitoa macho."

"Hii ni moja," Landy alisema. "Bado kumi na moja."

Sebule ile ikapata taa mbili za ukutani, juu kidogo ya kulabu, zilizofunikwa kwa mbele ili mwanga wake upande ukutani, ugonge dari, urudi chini umeshachoka. Jikoni aliweka taa nyeupe kali juu ya ubao wa kukatia, si nyuma ya mpishi, maana kivuli cha mkono kimekula vidole vingi mjini kwetu. Bafuni aliweka taa kila upande wa kioo. Taa ya juu ya kichwa, alisema, humwonyesha mtu sura atakayokuwa nayo ndani ya jeneza, na hakuna haja ya kuizoea kila asubuhi. Nyeupe kwa kazi, ya manjano kwa mapumziko, na mbele ya sanamu ya mtakatifu wa nyumba kibalbu kidogo kisichozimwa, kwa kuwa yeye hana kazi wala mapumziko.

Mambo hayo aliyajua kutokana na duka la vifaa vya umeme alikouza balbu tangu akiwa msichana. Tajiri wake alipofariki, duka lilifungwa, lakini watu wakaendelea kumfuata nyumbani. Aliwahi kuchumbiwa na bwana mmoja wa Tizimín aliyependa tyubulaiti. Hayakufika mbali. Akabaki na mama yake, Bi Hersilia, katika nyumba ya ukumbi mmoja mrefu, kulabu zimejaa kuta zote mbili, na katikati ya dari balbu moja tupu aliyoitundika marehemu baba yake. Mganga hajigangi.

Bi Hersilia alianguka wakati wa usingizi wa mchana. Saa hizo kwetu milango na madirisha ya mbao hufungwa kulizuia jua, na nyumba huwa na giza la ndani ya chungu. Aliinuka kwenda choo cha uani, akagonga kipaji cha uso kwenye pembe ya kabati karibu na mlango wa nyuma. Landy aliamshwa na kishindo. Damu ilikuwa nyingi, jeraha lenyewe dogo. Bi Hersilia akaomba radhi kwa kelele alizopiga.

Wilberth, mwanawe wa kiume, alifika kutoka Cancún, anakoangalia mitambo ya hoteli. Alitazama jeraha, akatazama balbu ya baba yake, akamwita dada yake jikoni.

"Mji mzima unauwashia wewe. Mama yako anatembea gizani."

"Hataki taa."

"Basi namchukua. Akianguka tena atavunjika nyonga, na mtu wa umri wake akivunjika nyonga unajua tunanunua nini."

"Kwako atalala wapi?"

"Kitandani. Kama watu."

Nyumba ya Wilberth ilikuwa ghorofa ya nne, na kuta zake za ubao mwembamba haziwezi kushika kulabu. Bi Hersilia alikuwa amelazwa kitandani mara moja tu, hospitali, alipomzaa huyo huyo Wilberth, na alisema hakupata usingizi mpaka walipomruhusu. Landy alijua mama yake hatakataa kwenda. Angefunga kanga zake na mtakatifu wake, angepanda basi, angekaa ukingoni mwa kile kitanda na mikono mapajani, na baada ya muda mfupi wangemrudisha Espita kumzika.

"Nipe nafasi," alisema. "Nitampangia taa."

"Nitakuja Jumapili baada ya ijayo kuangalia."

"Na akianguka kabla?"

"Nitakuja kabla."

Landy hakuwahi kuipanga nyumba kwa uangalifu ule. Alilala ndani ya machela ya mama yake asubuhi nzima, kichwa kikiwa pale kinapolala kichwa cha mama, akafuata kwa macho njia ya kwenda uani. Kisha fundi akaja, akaweka vitaa vya manjano chini kabisa ukutani, usawa wa kifundo cha mguu, vimefunikwa juu, vikimwaga mwanga sakafuni tu, toka machela ya mama mpaka mlango wa nyuma. Swichi ilikuwa kamba laini iliyoning'inia pale mkono wa Bi Hersilia unapoanguka akilala. Balbu ya baba hakuigusa. Bi Hersilia alikaa kitini akimenya chungwa, akiwatazama.

"Pazuri," alisema mwishoni. "Kama kanisani."

"Ukiamka unavuta kamba hii, Mama."

"Ndiyo, mwanangu."

Mchana ule Landy alisikia machela ya mama yake inalia, kisha nyayo kwenye vigae, na giza likabaki vile vile.

"Mama. Kamba."

"Nimesahau. Lala."

Siku ya pili alisahau. Siku ya tatu alisahau pia. Landy akaisogeza kamba, akabadilisha balbu kwa zenye mwanga hafifu zaidi, akapaka ncha ya kamba rangi nyeupe. Bi Hersilia alisifu kila badiliko na kila mchana akapita gizani, mikono mbele, kama mtu anayepapasa ng'ombe.

"Lakini kwa nini huvuti?"

"Njia naijua. Nimeipita kabla hujazaliwa."

Wilberth alipopigiwa simu alisema tatizo ni la kitoto, hotelini kwake walishalimaliza zamani. Akatuma kwa basi taa inayojiwasha yenyewe mtu akipita. Fundi akaifunga juu ya mlango. Mchana, Bi Hersilia akalala, akasukuma ukuta kwa kidole cha mguu, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili timamu katika joto lile, na machela ikaanza kubembea. Taa ikawaka. Akasimamisha mguu. Taa ikazima. Landy akajigeuza kwake. Ikawaka.

"Landy, ni radi?"

"Ni Wilberth, Mama."

Wakalala wamekakamaa, jasho likiwatoka, wala hapana aliyethubutu kujikuna. Mjusi akapita ukutani, taa ikawaka. Kabla ya jioni Landy alikuwa ameing'oa na kumpelekea mume wa Nidelvia, akaifunge buchani kuwatisha paka.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Walikuwa wakichambua maharage, maana ilikuwa Jumatatu na Jumatatu kwetu ni maharage na nguruwe hata kwa waliofiwa, Landy alipouliza tena, safari hii bila kuinua macho.

"Mama, zile taa zina kasoro gani? Niambie. Sitakasirika."

"Hazina kasoro."

"Basi?"

"Wewe unalala."

"Nalala, ndiyo."

"Sasa nikuwashie taa umelala?"

Alilisema kama mtu anayeulizwa kwa nini hatemi mate kisimani. Landy akaacha kuchambua. Ukumbi ule zamani ulikuwa na machela tisa: bibi, baba, mama, shangazi mmoja asiyeolewa, na watoto. Aliyeamka hakuwasha. Alipita gizani, akiinama chini ya kila aliyelala, asiguse hata uzi mmoja. Mtoto aliyewasha taa alichapwa kofi asubuhi, na hakuna aliyeuliza sababu. Ndivyo tulivyolelewa, nyumba zote za mtaa ule. Na Landy akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, mwenye vitaa vile vyote, huenda uani gizani kila siku, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuwasha taa juu ya mtu aliyelala. Alikuwa amepima macho ya mama yanatazama wapi. Hakuwa ameuliza nani mwingine yumo chumbani.

Alifikiri ahamie jikoni. Lakini mama angejua yuko jikoni kwa sababu gani, na angelala macho kwa huzuni. Kwa hiyo mchana uliofuata, machela ya mama yake ilipolia, alisema gizani:

"Niko macho, Mama."

Machela ikaacha kulia.

"Huna usingizi?"

"Sina."

Kisha kamba ikavutwa, na mwanga wa manjano ukatambaa sakafuni mpaka mlangoni.

Wilberth alifika Jumapili, akala sahani mbili za mchuzi wa nyama tatu, na Landy akamweleza jikoni wakati wa kuosha vyombo.

"Akiamka, useme uko macho."

"Kwa hiyo taa zako zinawashwa kwa maneno."

"Zinawashwa kwa kamba."

"Hotelini hii tungeiandika hitilafu."

"Iandike. Lakini useme."

Walifunga madirisha. Wilberth alitundika machela yake karibu na ya dada yake, akasema atakesha, na kabla ya nzi kutulia alikuwa anakoroma. Baada ya muda machela ya Bi Hersilia ikalia.

"Niko macho, Mama," alisema Landy.

Sauti ikanong'ona: "Na huyo?"

"Naye yuko macho."

Wilberth alikoroma. Bi Hersilia hakuwa mtu wa kubishana na binti yake mbele ya ushahidi. Nyayo zikagusa vigae, gizani. Landy akatoa mguu nje ya machela, akampiga kaka yake teke la figo.

"Sema."

"Nini?"

"Sema!"

"Niko macho," alisema Wilberth, kwa sauti ya mtu anayevutwa kutoka kisimani.

Nyayo zikasimama. "Kweli?"

"Kweli, Mama. Naangalia dari."

Bi Hersilia alirudi hatua zake, akaivuta kamba.

Wote wawili walimtazama. Alikwenda na mkono mmoja ukutani, kichwa wazi, nywele nyeupe zimefumuka. Alipofika penye kulabu za kwanza, aliinama. Akanyooka. Kwenye za pili akainama tena, chini zaidi kidogo, kama kupita chini ya mtu mzito. Hapakuwa na kitu. Alikuwa anapita chini ya bibi, chini ya mumewe, chini ya shangazi, huku taa zikimwonyesha waziwazi ukumbi mtupu. Karibu na mlango wa nyuma aliinama kuliko kote, karibu kupiga magoti, na hapo ndipo kabati liliposimama. Safari hii aliiona pembe. Akaiwekea kiganja, taratibu, jinsi unavyosogeza mguu wa mtoto uliochomoza nje ya machela, akapita.

Wilberth alikuwa ameinua kichwa.

"Pale ndipo nilipokuwa nalala mimi."

"Ndiyo."

"Nilitaka iwe chini. Niliogopa kuanguka."

"Ndiyo," Landy alisema. "Hilo kabati tuliliweka ulipoondoka."

Bi Hersilia alirudi kwa njia ile ile, akainama palepale pote, akalala, akazima taa.

"Laleni sasa," alisema. "Mmeongea sana."

Madirisha yalipofunguliwa, Wilberth alilihamisha kabati mpaka ukuta wa pili, peke yake, bila kuombwa na bila kulitoa vyombo. Kisha akaketi jikoni na kahawa yake. Habari ya kitanda na ghorofa ya nne hakuitaja.

"Na wewe utakaa macho mpaka lini?" alimuuliza dada yake.

"Sikai macho. Nikisikia machela nasema, narudi kulala."

"Kila siku?"

"Na usiku."

"Ukiugua? Ukiitwa kazi Mérida?"

Landy alifuta meza iliyokuwa imeshafutwa. Hilo hakuwa amelipanga.

"Jumamosi natoka kazini mchana," alisema Wilberth. "Nitakuja nilale hapa mpaka Jumapili. Wewe ukalale kwa Nidelvia, ulale usingizi wa kweli."

"Wewe unakoroma."

"Najua."

Alizungusha kikombe. Kisha akauliza, kwa namna ya mtu anayeuliza kipimo cha waya, hilo neno linasemwaje hasa.

"Lisitoke kama la mtu aliyeamshwa," Landy alimwambia. "Akisikia amekuamsha, atarudi kulala bila kwenda. Liseme kama ulikuwa unawaza tu jambo lako."

Wilberth akakohoa. "Niko macho."

"Polepole zaidi. Na usiongeze mambo ya dari."

"Niko macho, Mama."

"Najua," Bi Hersilia alijibu kutoka uani, alikokuwa anaanua nguo. "Ni saa kumi na moja jioni."