Tuta Nyuma ya Nyumba ya Mwalimu

Nikipogoa nyanya, harufu ya majani hubaki vidoleni, nami humwona mama, mwalimu mgeni pale kijijini Nkowe, akipanda miche kwa kuibananisha kwenye tuta aliloliinua kwa mbao na samadi. Alikuwa bado hajapata rafiki. Mama jirani alichungulia uani, akaona udongo umeinuka kama kaburi.

“Mwalimu, mmefiwa? Mbona hamkutuambia?”

“Hapana, dada. Nimepanda nyanya na mchicha.”

“Vyote humo? Vitapumua?”

“Vitapumua. Karibu tupande.”

Yule jirani alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akavua kandambili, akapiga magoti kando ya mama. Mimi niliimwagilia miche maji kwa kopo. Jioni, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nilimsikia mama akiimba jikoni.