Walivyofuta tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu kwa spirit, nami nikavunja fimbo ya ofisi

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa wangu mliomo humu, shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, hasira niliyonayo inatosha kukoleza.

Jumatatu moja kipindi cha corona, saa nne asubuhi, nilivunja fimbo ya ofisi ya kata. Niliishika ilipotokezea dirishani, nikaivuta, nikaipiga gotini, ikakatika vipande viwili. Mwanangu aliyekuwa pembeni akapiga makofi. Alidhani ni mchezo.

Sasa mtaniuliza ofisi ya kata inafanya nini na fimbo. Tulieni.

Mimi nimezaliwa Masieda, upande wa Mbulu, nikaolewa huku Hanang. Kata sitaitaja maana bado naishi hapa na bado nitahitaji barua zao. Nina form four yangu, nina kibanda cha kukaanga viazi, na nina mtoto mmoja anaitwa Paskalina. Baba yake yuko machimboni Mirerani anatafuta maisha. Na maisha nayo yanamtafuta, hawajaonana.

Mwalimu wa darasa la awali alinitumia ujumbe kwamba Paska hataandikishwa bila cheti cha kuzaliwa. Nikampelekea kadi ya kliniki. Akacheka, akaniambia dada hiyo si cheti.

Ndiyo, wakuu, miaka yote hiyo nilijua kadi ya kliniki ndiyo cheti. Imeandikwa jina, imeandikwa tarehe, ina muhuri. Mlitaka nijue nini zaidi? Cheka umalize, tuendelee.

Mwalimu akanieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikiwa cheti pale pale kwenye kata, unaondoka nacho. Akishatimiza mitano unaanza safari za wilayani, na mashahidi, na njoo kesho, na aliyekuwa na ufunguo ameenda semina.

Paska alikuwa amebakiza siku tisa.

Nikaenda kata siku hiyo hiyo, Jumatatu. Nikakuta ofisi imekuwa kitu kingine.

Mlango umefungwa kufuli kwa ndani. Nje kuna ndoo ya maji yenye koki, sawa, hiyo kila mahali ilikuwepo. Chini wamechora miduara ya chokaa, kila mtu na duara lake. Dirishani kioo kimoja kimetolewa, na kwenye tundu hilo inatokeza fimbo ya kama futi sita, mwisho wake kibanio cha nguo kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Unabanisha karatasi yako. Fimbo inarudi ndani. Karani anaipulizia spirit kwa kile kichupa cha saluni cha kulowanishia nywele, mbele, nyuma, halafu anaitumbukiza kwenye boksi la siku hiyo. Kulikuwa na maboksi matano ya biskuti, Jumatatu mpaka Ijumaa. Karatasi inalala siku tatu. Siku ya nne wanasema imeiva, ndipo mtendaji wa kata anaigusa.

Huyo karani nitamwita Spirit. Kijana mpole, miwani ya kuogelea usoni, sijui aliitoa wapi huku hatuna hata bwawa la kuogelea.

Mtendaji mwenyewe alikuwa chumba cha ndani na hakuonekana. Alifanya kazi kwa simu. Siku hiyo kulikuwa na wazee wawili wenye kesi ya ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Simu ya Spirit ikawekwa juu ya jiwe katikati yao, loudspeaker, mtendaji anasikiliza kesi akiwa nyuma ya ukuta ule ule. Hatua nne! Akikohoa unamsikia mara mbili, mara ukutani na mara kwenye jiwe. Alipofika kwenye "sasa uamuzi wangu ni" simu ikazima chaji. Wazee wakaangaliana, mmoja akasema basi twende tukanywe maji, ng'ombe tutaongea njiani. Nadhani ndiyo kesi iliyoisha vizuri kuliko zote mwaka ule.

Nikabanisha kadi ya Paska. Nikamwambia Spirit mtoto amebakiza siku tisa, asiilaze sana. Akaniambia, "Dada, utaratibu hauna haraka." Pyu pyu, boksi la Jumatatu.

Alhamisi nikarudi. Fimbo ikatoka na kadi yangu.

Wakuu, mnajua spirit inavyofanya wino wa kalamu ya kawaida? Mimi sikujua. Sasa najua. Muhuri ulikuwa umevimba kama jicho lililopigwa. Uzito, chanjo, yote yamekuwa bluu moja. Na pale penye tarehe ya kuzaliwa kulikuwa na doa tu, kama mtu alilia juu yake.

Kabla sijafungua mdomo, Spirit akaniambia mtendaji ameiona ila haisomeki, kwa hiyo nilete nyingine inayosomeka.

Nikamuuliza nani ameifanya isisomeke. Akajibu kwamba wao wanapulizia tu, hawafuti.

Hapo sikuvunja kitu. Andikeni hilo, maana kuna watu humu wataniita mkorofi.

Na ndiyo, kopi sikuwa nayo. Simu yangu ina picha za kucha, za viazi, za mbuzi wa jirani amelala kwenye kiti. Ya kadi hata moja hakuna. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Paska nilimzalia kule kwa mama, kwenye zahanati, maana kwetu uzazi wa kwanza unarudi kwa mama yako akakulishe uji na akutukane taratibu. Kwa hiyo rejista yenye jina lake iko kwenye zahanati ya kule kwetu, si huku.

Ijumaa nikafunga kibanda, nikambeba mtoto, nikapanda lori la vitunguu mpaka Haydom, halafu pikipiki. Tumefika kwa mama tunanuka vitunguu mpaka mbwa akatukataa.

Jumamosi asubuhi nikaenda zahanati. Muuguzi wa pale ni mama wa makamo, ametokea mikoa ya kusini, amekaa kwetu mpaka anatukana kwa Kiiraqw. Na yeye alikuwa anaogopa corona, msidhani. Barakoa mbili. Lakini meza yake alikuwa ameitoa nje barazani, upepo unapita, benchi la wagonjwa liko mbali. Nikamweleza nimesimama kule kule. Akaenda kutafuta rejista, akaifungua mezani, akasoma kwa sauti: jina la mama, jina la mtoto, tarehe, uzito, na saa.

"Ulipiga kelele sana wewe," akaniambia. "Nakukumbuka."

Akaandika barua ya kuthibitisha, akagonga muhuri, akaiweka kwenye benchi, akarudi nyuma, nikaichukua. Haikufika nusu saa. Wala hakuwa na miwani ya kuogelea.

Safari hii barua nikaipiga picha. Tatu.

Jumapili nikarudi. Dada yangu aliyeolewa Gehandu akanipigia, nikamsimulia, akaniuliza kwa nini wa kata yangu nao wasitoe meza nje.

Sasa tumefika Jumatatu ya fimbo. Paska anatimiza mitano Jumatano.

Nikasimama kwenye duara langu na mtoto. Zamu yangu ikafika, nikamwambia Spirit pole pole, kama naongea na mtu amebeba mayai: hii barua usiipulizie, imeandikwa kwa kalamu ile ile. Akaitikia sawa. Nikabanisha. Fimbo ikaanza kurudi ndani.

Nikaona mkono wake mwingine unakwenda kwenye kichupa.

Sijui niseme aliamua au mkono ulizoea tu. Nadhani ulizoea. Lakini mimi nililiona doa lile la bluu upya, nikaona lori la vitunguu, nikaona mtoto wangu anakua bila tarehe. Nikaikamata fimbo. Nikavuta. Yeye akavuta. Mwisho akaachia, nikachomoa barua yangu, nikaiweka kifuani, na fimbo nikaimalizia gotini.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na mtendaji akatoka kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale. Taulo kichwani, jasho linatiririka, ananuka mikaratusi na malimao. Alikuwa anapiga nyungu kule ndani, anajifukiza mvuke. Saa za kazi.

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

Hasira nilikuwa nayo, lakini mama yangu alinilea.

"Marahaba. Mama, hii ni ofisi ya serikali."

"Naijua, mzee. Naomba usome barua. Huna haja ya kuigusa. Mimi naishika hapa kwenye kioo, wewe ukae ndani unaandika."

Akaniangalia, akaangalia vipande vya fimbo. Akasema barua iingie boksi la Jumatatu kama barua nyingine, itaiva Alhamisi.

"Mtoto anafikisha miaka mitano Jumatano."

"Basi utakwenda wilayani. Kirusi hakijui birthday."

Mzee mmoja kwenye duara la tatu, amejifunika shuka lake, akasema kwa sauti ya kusali, "Lakini spirit inaijua. Imeifuta." Watu wakacheka mpaka wakatoka kwenye miduara.

Mtendaji akarudi ndani, akafunga mlango.

Niwe mkweli, maana nimeahidi. Yule mtendaji hakuwa anaigiza. Kaka yake alifariki mjini mwezi ule, na hakwenda kuzika kwa hofu. Hilo analijua kila mtu kwenye kata. Angeniambia, "Mwanangu, naogopa," ningekaa hata kwenye duara la kumi. Lakini kuogopa ni kitu kimoja, kumfutia mtoto wangu tarehe halafu ukaniambia mimi nilete nyingine ni kitu kingine. Kirusi hakikuwa kwenye tarehe ya Paska.

Nikaondoka na nusu ya fimbo, ile yenye kibanio.

Mchana ule nikaandika barua ya malalamiko kwa mkono wangu. Nilirudia mara nne kwa sababu kila mara neno moja lilikuwa linatoka ambalo haliwezi kusomwa halmashauri. Jumanne asubuhi mapema nilikuwa Katesh, wilayani, na Paska, stationery ilikuwa inafungua. Nikatoa kopi, halafu ile halisi nikaifanyia kitu ambacho mtakisoma chini mwishoni.

Saa mbili nikaikabidhi masjala ya wilaya pamoja na kadi iliyofutika, kopi ya barua ya zahanati na ile nusu fimbo. Dada wa masjala alikataa fimbo. Nikamwambia ni kiambatanisho namba tatu, ipo kwenye barua. Akasoma barua yote amesimama, akapiga kelele kumwita mwenzake, wakasoma tena wote wawili. Kopi yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Saa tisa alasiri simu ikaita. Spirit. "Dada, mtendaji anakuita. Meza ipo nje."

Cheti kiliandikwa nje, upepo unapita, barua ya muuguzi nimeishika mimi mwenyewe juu ya kichwa cha Paska. Mtendaji hakuniangalia usoni. Alipomaliza akakisukuma kwa rula mpaka upande wangu wa meza. Paska alikuwa bado na miaka minne.

Nilichojifunza: piga picha kila karatasi ya mtoto leo, kabla hujamaliza kusoma huu uzi. Na ofisi ikikuletea utaratibu mpya, heshimu, nawa, vaa barakoa, lakini uliza kazi yenyewe bado inafanyika au kilichobaki ni utaratibu peke yake.

Barua ndiyo hii, nimetoa majina tu. Mliowahi kusimama kwenye duara la chokaa tupeni ya kwenu. Na kama wewe ni mtendaji, karibu ujitetee, humu hatumpulizii mtu.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

YAH: MALALAMIKO JUU YA OFISI YA KATA KUFUTA TAREHE YA KUZALIWA YA MTOTO WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto Paskalina, ambaye kesho Jumatano anatimiza miaka mitano. Jumatatu ya wiki iliyopita niliwasilisha kadi yake ya kliniki ofisi ya kata ikiwa inasomeka. Alhamisi nilirudishiwa ikiwa haisomeki, kwa sababu ilipuliziwa spirit. Niliambiwa nilete nyingine.

Nimeleta uthibitisho wa zahanati. Nao ulitaka kupuliziwa. Niliuokoa, na katika kuuokoa fimbo ya ofisi ilivunjika. Nakiri kuivunja. Niko tayari kuchonga nyingine, miti tunayo.

Naomba mambo mawili. La kwanza, mtoto wangu aandikiwe cheti leo, kwa kuwa alifika kwenye ofisi yenu akiwa na umri unaotakiwa na karatasi inayotakiwa. La pili, meza ya ofisi itolewe nje, kwa sababu hata sisi hatutaki kuugua, na hewa ya Hanang hailipiwi.

Siombi mtu afukuzwe kazi. Naomba mtu asome.

Viambatanisho: kadi iliyofutika, kopi ya barua ya zahanati, na nusu ya fimbo.

Wenu mtiifu,
Mama Paskalina.

NB: Barua hii nimeipiga lamination. Pulizieni mpendavyo.