Buli la Mtu Mmoja

Niliondoka Tanga kwa sababu moja tu: kumrudisha nyumbani mdogo wangu Zuhura. Mumewe, shemeji yangu Saidi, alifariki London akazikwa hukohuko, na Zuhura akakaa eda ghorofani peke yake. Hawakujaliwa mtoto. Eda ilipokaribia kwisha, mama akaniambia nenda kamlete. Nami nikishaamua jambo sina breki. Kabla sijapanda ndege nilikuwa nimeshampangia chumba, kazi, hata wa kumwoa, Mungu anisamehe.

Lewisham, mtaa wao huko London, nilifika asubuhi, mvua inanyesha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji wangu alikuwa amekonda hata nikalia palepale mlangoni. Nikaingia jikoni kupika chai. Nilikuta majani ya chai ya kijani, nikayatia sufuriani na iliki na sukari, nikayaacha yatokote kama tunavyofanya kwetu. Lo, chungu kama shubiri! Zuhura akanywa yote kwa adabu. Kisha akaniambia ile ndiyo chai aliyoipenda Saidi, na haichemshwi. Buli lao la Kijapani lilivunjika siku ya msiba, nyumba imejaa watu, na tangu hapo hajaigusa.

Siku alipotoka eda nilitaka twende tukakate tiketi yake. Yeye akataka kwenda kununua buli. Nikasema haya, mfiwa habishiwi. Tukapanda treni, kisha basi, hadi kwenye duka dogo katikati ya mji.

Mwenye duka, mama wa Kijapani mpole, alitufundisha kuchagua. Kifuniko kikae bila kuchezacheza. Mkono wa buli uwe ubavuni, usichoshe kiwiko. Kichujio cha ndani kiwe na matundu madogo, na ukiacha kumimina, maji yakatike bila kudondoka. Kila buli alilijaza maji tukalijaribu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kubwa kuliko yote, maana nyumba isiyo na chai ya mgeni ni nyumba gani? Nikampa Zuhura alishike. Akalirudisha rafuni, akachukua jekundu la udongo, dogo, la kutoa kikombe kimoja tu.

"Hilo si la mtu mmoja?" nikamwuliza.

"Ni la mtu mmoja, Dada."

"Na nyumbani kwetu, na watu wote wale, utalifanyia nini?"

"Siendi Tanga. Nikiondoka, Saidi nimwachie nani huku?"

Yule mama hakujua Kiswahili, lakini aligeuka akaanza kufutafuta vikombe. Roho iliniuma, na hasira nilikuwa nayo pia, sifichi.

Ijumaa tulikwenda makaburini. Zuhura alikuwa hajaliona kaburi hata mara moja, kwa kuwa alikuwa ndani ya eda. Akapiga magoti kwenye majani mabichi, akang'oa magugu kwa vidole, akamsimulia mumewe habari za jirani na za bomba linalovuja, kwa sauti ileile anayozungumza na mimi. Nikasogea pembeni nikamwachia nafasi.

Jioni ya kuniaga aliyaacha maji yapoe kidogo, akayamimina juu ya majani, akasubiri. Kikombe kikajaa, buli likaisha. Akanipa mimi, naye akakaa kusubiri maji mengine. Ilikuwa chai nyepesi, tamu kwa mbali bila sukari. Sikumbembeleza tena.

Ndani ya ndege nilikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Nilidhani kwao mtu ni pale alipozaliwa. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kupafanya kwao pale alipozika, na dada mkubwa hana amri juu ya hilo.

Tanga nilifika mchana. Nilikuwa nimepiga simu, nimemweleza mama kwamba Zuhura harudi, naye akaitikia kwamba amesikia. Teksi iliposimama alitoka barazani akanipita bila kunisalimu, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akainama kutazama ndani.

Nikamwacha atazame.